Simu Zisizo Zangu

Nilipoanza biashara ya kutengeneza tovuti, nilipata wateja wangu wa mwanzo kwa kuwaibia simu. Sisemi simu ya mfukoni. Nasema mtu anapiga akimtafuta mpuliza dawa ya mende, au fundi wa madirisha, au mwenye viti vya kukodi, na anayepokea ni mimi. Nilifanya hivyo kwa makusudi, na kwa muda nilijiona mjanja. Vijana wa fani yangu walioniuliza nilipataje wateja bila mtaji wala ndugu mwenye cheo niliwapa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Nilikuwa nimepanga fremu Sinza, Dar es Salaam, nyuma ya duka la dawa. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta mpakato, feni, na kiti cha mgeni ambacho hakijapata mgeni. Kazi naijua. WordPress ni programu ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003, kwa hiyo gharama zangu kubwa zilikuwa kodi na bando. Nilianza kama wengi wanavyoanza. Nilichapisha vipeperushi, haukupita muda nikavikuta vimefungia karanga. Nilituma matangazo kwenye makundi ya WhatsApp mpaka nikaondolewa. Niliandika barua pepe kwa kila anwani niliyoiona ubavuni mwa gari la kampuni, na hakuna aliyejibu, hata wa kunitukana.

Nikahamia mlango hadi mlango, Barabara ya Shekilango, upande huu nikienda na upande ule nikirudi. Jibu lilikuwa lile lile. “Bosi hayupo, acha kadi,” anasema aliyekalia kiti cha bosi. “Pitapita mwisho wa mwezi.” Mama mmoja wa saluni alinyanyua simu yake akaniambia, “Mdogo wangu, wateja wangu wote wako humu.” Huyo alikuwa ananipa darasa la bure, ila mimi nilisikia kukataliwa tu. Nilitoka nikijisemea kwamba watu hawa bado wako gizani.

Hawakuwa gizani. Mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam alikuwa anapokea pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008. Mzigo mpya anaupiga picha anauweka Instagram, anayeuliza bei anajibiwa pembeni, oda inathibitishwa WhatsApp, bodaboda anapeleka. Alijua nani anamnunulia, anatoka mtaa gani na aliletwa na nani. Alichokosa ni sababu ya kunipa laki nne. Kazi ya kuitafuta sababu hiyo ilikuwa yangu, tena ilitaka kukaa na mtu na kumsikiliza. Mimi nikatafuta njia ya mkato.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Kwa nini nimwombe mtu ruhusa ya kumtengenezea tovuti, wakati naweza kuitengeneza kwanza nikamwonyesha baadaye? Violezo ninavyo, usiku mmoja unatosha. Nikawa napita mitaani jioni nikipiga picha mabango: jina la biashara, huduma, eneo. Nikirudi naandika kurasa mbili tatu, naongeza picha za juu juu, naipandisha. Asubuhi biashara ya mtu ina tovuti, dunia nzima inaweza kuiona, isipokuwa mwenyewe hana habari. Zile nilizoona zina dalili ya kulipa nilizinunulia kabisa jina la .co.tz, na kwenye usajili nikaandika mmiliki ni mimi.

Kitu kimoja tu sikukinakili kutoka kwenye bango: namba ya simu. Mahali pake niliweka laini yangu ya pili.

Nilijipa sababu nzuri. Nilijiambia napima. Mteja akipiga naandika kwenye daftari tarehe, saa na alichotaka. Zikifika simu za kutosha nakwenda kwa mwenye biashara na ushahidi ambao hawezi kuubishia. Sababu ya kweli ilikuwa imejificha nyuma ya hiyo. Namba ikiwa yangu, wateja wako mkononi mwangu. Akilipa nitaweka namba yake, akikataa wataendelea kuishia kwangu, na atajua hivyo bila mimi kumtishia kwa mdomo.

Na simu zilikuja, kwa sababu uwanja ulikuwa mtupu. Mtu akiandika Google jina la kazi pamoja na jina la mtaa, mtambo unatafuta kurasa zinazotaja vyote viwili, na kichwa cha ukurasa kina uzito wake. Biashara nyingi za mtaani hazikuwa na ukurasa wowote. Zilikuwa na picha Instagram zenye maneno machache yasiyotaja hata eneo. Ukurasa wangu wenye kichwa “Fumigesheni Sinza na Kijitonyama” ulipanda juu bila jasho. Leo nikimsikia mtu wa fani yangu akijitapa kwamba amemfikisha mteja nafasi ya kwanza, huwa nauliza: nafasi ya kwanza kati ya wangapi?

Wa fumigesheni alilipa. Mwenye karakana ya madirisha ya aluminiamu naye alilipa. Nilimfungulia daftari, akasoma mstari kwa mstari, akatikisa kichwa, akauliza bei. Wale waliopiga kabla ya siku hiyo hawakuwahi kupigiwa, na wengi bila shaka walishatafuta fundi mwingine. Hilo sikulisema, na hakuna aliyeuliza. Laiti mbinu ile ingefeli mapema, nisingekuwa na la kuungama leo zaidi ya upuuzi. Ilinilipia kodi ya fremu, nikaacha kujiuliza.

Ndipo nikafika kwa mzee wa maturubai.

Biashara yake ilikuwa kwenye yadi ya nyumba yake: maturubai yaliyokunjwa, viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka karibu na dari, masufuria ya shughuli, jenereta, na kirikuu moja ya kupelekea mzigo. Bango lilikuwa ukutani, rangi ya mkono. Nilipita, nikapiga picha, sikuingia. Tovuti yake niliipenda kuliko zote. Niliandika “harusi, kitchen pati, maulidi, mahafali, misiba”, nikaweka namba yangu, nikasubiri.

Jioni moja, baada ya Magharibi, simu ikaita. Mwanamke, sauti imekauka. Alisema wamefiwa, wanazika kesho, wanataka maturubai mawili na viti mia moja, vifike asubuhi na mapema. Aliuliza bei na usafiri. Bei sikuijua. Nikamwambia, “Poleni sana, mama. Nitakupigia sasa hivi.” Kisha nikafungua daftari nikaandika: msiba, maturubai 2, viti 100, asubuhi. Nakumbuka nilivyojisikia nikiandika: nilifurahi. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na iliniongezea nguvu ya kuomba bei nzuri kwa mzee.

Namba ya mzee nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye ile picha ya bango, ndani ya simu ile ile niliyokuwa nimeishika. Kumwambia mama yule “samahani, piga namba hii” kungechukua muda mfupi kuliko kuandika daftarini. Sikufanya hivyo kwa sababu ningekuwa nagawa bure kitu ninachokwenda kukiuza. Sina maelezo mengine. Alipopiga tena nikamjibu, “Bosi anashughulikia.” Alipopiga mara ya tatu, usiku umeshaingia, niliitazama simu mpaka ikakata.

Siku kadhaa baadaye nilikwenda yadini nimechomekea, daftari kwapani. Mzee alinikaribisha kwenye kiti chake mwenyewe cha plastiki, akaniagizia maji. Nilimwonyesha tovuti kwenye kompyuta, akaisifu. Nikafungua daftari nikaanza kumsomea simu alizokosa, nikiiacha ile kubwa iwe ya mwisho. Nilipoisoma aliniomba daftari, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe kwa kidole. Kisha akaniuliza:

“Sasa mwanangu, hawa walipata viti?”

Swali hilo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nikajibu kwa sauti yangu ya mauzo kwamba hapo ndipo huduma yetu inapoanza. Hakucheka. Akaanza kunieleza taratibu. Msiba ule ulikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Alikwenda kuzika kama jirani, akashangaa kukuta uso wa kila mtu umemgeukia. Waombolezaji walikaa juani, wazee kwenye matofali na ndoo zilizopinduliwa, mpaka vijana walipokwenda kuazima mikeka na viti madrasa. Mfiwa aliwaambia watu kwamba alimpigia mzee wa maturubai, akaambiwa anashughulikiwa, halafu simu haikupokelewa. Mzee aliapa hakupigiwa. Hawakumwamini, kwa sababu mama yule alikuwa na namba kwenye simu yake, na juu ya namba hiyo kulikuwa na jina la biashara ya mzee.

“Kumbe ni wewe,” alisema.

Nilitegemea matusi. Badala yake akachukua simu akampigia mfiwa, akaweka spika. Akasalimia kwa kirefu, akauliza hali za watoto tangu matanga yaanuliwe. Kisha akasema, “Mama, kijana aliyepokea simu yako siku ile yuko hapa kwangu. Ana neno.” Akanisogezea simu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na mtu wa kuambiwa ukweli huo alikuwa ananisikiliza. Nikasema, “Samahani sana mama, siku ile mtandao ulikuwa unasumbua.”

Kukawa kimya kidogo. “Mtandao?” akauliza. “Si ulinipokea?”

Mzee akaichukua simu yake, akaizima spika, akatoka nje kumalizia mazungumzo. Aliporudi hakukaa. Aliniambia niondoe jina lake huko nilikoliweka, na daftari niliache.

Watu nikiwaambia habari hii hudhani kosa langu ni kumwacha mfiwa bila viti. Hilo ni kosa la jioni moja. Lililonichukua muda kulikubali ni kwamba jioni ile sikuteleza. Nilifanya kile ambacho mpango wangu ulinitaka nifanye. Mpango wote ulisimama juu ya mteja asiyehudumiwa: bila simu zilizopotea daftari lisingekuwa na kitu, na bila daftari nisingekuwa na cha kuuza. Nilihitaji watu wakose huduma ili nimwonyeshe mwenye biashara hasara yake, hasara niliyoitengeneza mwenyewe kwa kukaa kati yake na wao. Dalali wa nyumba anayekula cha juu angalau anakufikisha kwenye nyumba. Mimi nilikuwa sifikishi.

Na sikutubu siku ile. Usiku ule niliifuta tovuti ya mzee, lakini zile nyingine niliziacha, na kwa marafiki nilisema kwamba wazee hawa hawaelewi teknolojia. Kilichonigeuza kilikuwa kitu kidogo. Nilikwenda kwenye msiba wa upande wetu, huko Mbezi. Nimekaa mstari wa nyuma, mbele yangu mgongo wa kiti cha plastiki, na kwenye mgongo huo herufi mbili za rangi nyekundu na namba ya simu. Nikatazama cha pembeni: vile vile. Viti vyote vya msiba ule, kila kimoja na namba ya mwenye biashara, na nyuma ya kila kiti mtu amekaa hana la kufanya ila kukitazama. Watu watakaokuwa na shughuli mwezi ujao, mwakani, wote wamo mle chini ya turubai, na wanaona kwa macho yao kama mzigo uliletwa kwa wakati na kama viti ni safi. Yadini kwa yule mzee nilikalia kiti cha namna hiyo hiyo. Sikugeuka kukitazama.

Mzee yule wa maturubai alikuwa na tangazo bora kuliko lolote nililoweza kumtengenezea. Namba iliyokuwa mgongoni mwa viti vyake, aliyoijenga kwa miaka ya kuamka alfajiri kupeleka viti, ndiyo niliyoifuta nikaweka yangu. Duka lake halikuwa yadi. Lilikuwa ile namba, na watu kujua kwamba ukiipiga, mzigo unakuja.

Ningemsikiliza, kulikuwa na kazi ya kweli ya kumfanyia. Majirani hawakuhitaji tovuti kumpata. Waliohitaji ni shule zenye mahafali, ofisi zenye bonanza, taasisi ambazo kabla ya kukodi chochote zinataka wasifu wa kampuni, ankara ya kabla, TIN na risiti ya EFD. Watu wa namna hiyo hawakai nyuma ya viti vya msiba wa Sinza, na kwao ukurasa safi wenye picha za maturubai yake mwenyewe ungeleta kazi. Mambo mengine hata hayakunihitaji. WhatsApp ya biashara ipo tangu 2018 na ni ya bure. Kuonekana kwenye ramani ya Google nako ni bure, na Google yenyewe hutaka uthibitisho kwamba biashara ni yako. Mjukuu wa mzee, nasikia, alimfungulia vyote viwili. Mzee hakuwahi kuninunulia kitu, na hakuwa na sababu.

Baada ya Mbezi nilikaa chini nikafuta kila tovuti ambayo mwenyewe hakuiomba. Majina ya .co.tz ya waliokwisha kunilipa niliyahamishia kwao, kwa anwani zao za barua pepe na nywila zao. Niliwafuata nikawaeleza daftari lile lilivyopatikana. Wa aluminiamu alinisikiliza, akasema, “Kwa hiyo wale wateja niliwapoteza na pesa nikakulipa,” akataka arudishiwe sehemu ya malipo, nikamrudishia. Wa fumigesheni alicheka, akasema mjini hapa kila mtu anapambana. Kicheko chake kiliniuma kuliko madai ya mwenzake, maana aliniona mtu wa kawaida.

Sheria nayo nilikuja kuisoma kwa kuchelewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na mimi nilijifanya watu wengi kwa mpigo. Daftari langu, lenye majina na namba za watu waliodhani wanaongea na mtu mwingine, leo lingekabiliana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wakati ule mambo hayo niliyaita ubunifu wa masoko.

Siku hizi napata wateja polepole, na najua kwa nini. Naingia bila kompyuta. Nauliza wateja watatu wa mwisho walikupataje, na ni nani unamtaka lakini hakupati. Jibu la swali la pili likikosekana, namwambia mtu hahitaji tovuti kwa sasa, naaga. Mfano wa kumwonyesha ninao, wa duka ambalo halipo. Jina la tovuti linasajiliwa kwake kabla sijagusa kitu, na namba ya simu inayowekwa naipiga mbele yake. Simu yake isipoita mezani, hatuendelei.

Kurasa nilizifuta, lakini sikuweza kufuta kila kitu. Kuna orodha za biashara huko intaneti zinazojikusanyia taarifa zenyewe, na baadhi zilikuwa zimeshanakili namba yangu na kuiweka mbele ya majina ya watu. Nimeziandikia, nyingine zimerekebisha, nyingine kimya. Kwa hiyo ile laini ya pili bado naiwekea vocha. Nikiiacha ife itagawiwa mtu mwingine, na anayetafuta viti atampata mgeni asiyejua lolote. Bado inaita, mara nyingi jioni. Napokea, nasema amekosea namba, namtajia ya mwenyewe, na kabla sijakata namwomba airudie ili nijue ameiandika sawasawa. Yule mama aliyefiwa sijampigia. Namba yake ilikuwa kwenye daftari, na daftari liko kwa mzee. Kumwomba mzee namba hiyo maana yake ni kumweleza ninachotaka kwenda kusema, na mpaka naandika haya sijafanya hivyo.